Ndara ya Mtoto Yesu, na herufi zilizokatwa

SWALI: Tulinunua picha ya Mama wa Msaada wa Daima, fundi wa fremu akaipunguza kingo ili itoshe kwenye kioo. Juu zimebaki herufi "MP" tu, na watoto wanauliza tangu lini Bikira Maria amekuwa mbunge. Je, ndara ya Mtoto inayoning'inia ni kosa la mchoraji? Na mbona kwa jirani Mtoto yuko upande mwingine?
Msomaji, Igoma, Mwanza

JIBU: Ndara si kosa, na ukitaka kuisoma picha hii anzia hapo hapo. Mtoto hamtazami mama yake; amegeuza shingo. Fuata macho yake hadi juu kulia kwako: malaika Gabrieli ameshika msalaba na misumari. Kushoto, Mikaeli ana mkuki, ufito wenye sifongo na chombo cha siki (Yohana 19:29, 34). Mtoto ameyaona mateso yanayomngoja, akamkimbilia mama kwa kasi hata ukanda wa ndara ukaachia. Ndiyo maana mikono yake yote miwili imeng'ang'ania mkono wa mama. Wapo wanaoihusisha ndara na Ruthu 4:7, ambako mtu alivua kiatu kuthibitisha ukombozi. Tafsiri hiyo ni nzuri, ila hofu ya Mtoto inaonekana hata kwa asiyejua kusoma.

Mama naye hamwangalii Mtoto. Anakutazama wewe uliyesimama mbele yake.

Herufi ni za Kigiriki, na hiyo P husomwa R. MP ni herufi ya kwanza na ya mwisho ya neno "Mētēr", yaani mama. Upande wa pili huwa pana ΘΥ, kifupi cha "Theou", wa Mungu. Kistari cha juu huonyesha kuwa neno limefupishwa. Basi fundi wenu amebakiza "Mama" akamkata "Mungu"! Angalieni kama bawa la Gabrieli limepona.

Ya jirani imechapwa kinyume. Katika picha ya asili, iliyo kanisa la Mtakatifu Alfonso, Roma, tangu 1866, Mtoto amepakatwa mkono wa kushoto wa Maria, yaani kulia kwako. Herufi zikiwa zimefutwa, tazama msalaba: ukiuona kushoto, picha imegeuzwa.

Mkinunua nyingine, fremu ndiyo ifuate kipimo cha picha. Fundi aweke ukanda wa kadi wa milimita 2 pembeni, karatasi isiguse kioo. Unyevu wa ziwani huigandisha, na siku ya kuibandua wino hubaki kiooni.