Unataka kufanya kazi ya sayansi jinai? Majibu kwa walioandika

Shikamoo mama. Niko kidato cha nne, Songea. Nataka sayansi jinai, ila nyumbani wananiambia nichukue HGL (historia, jiografia na Kiingereza) nikasome sheria. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. HGL itakufikisha mahakamani ukiwa wakili, lakini maabara haitakuingiza. Chukua PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kama vinasaba, yaani DNA, na sumu ndivyo vinavyokuvuta. Usihangaike kutafuta shahada yenye jina la sayansi jinai. Kinachotakiwa ni kemia, biokemia, au baiolojia ya molekuli na bioteknolojia, na masomo hayo yapo hapa hapa nchini: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanayo, Sokoine pia wana bioteknolojia na sayansi za maabara. Taratibu za jinai utafundishwa kazini. Kemia usipoijua vizuri, hakuna atakayekufundisha upya ukiwa umeshaajiriwa.

Ni lazima niwe polisi?

Hapana. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni taasisi ya kiraia, na mizizi yake inarudi 1895, enzi za Wajerumani. Hapo ndipo zinapopimwa sampuli za vinasaba, sumu na dawa za kulevya. Polisi wana wataalamu wao wa alama za vidole, silaha na nyaraka za kughushi. Huko, ndiyo, utavaa sare. Nafasi za serikali hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira. Ukimaliza shahada ya kemia, fuatilia usajili kwenye Baraza la Wataalamu wa Kemia, maana tangu 2016 taaluma hii ina sheria yake.

Mimi ni binti, nimemaliza stashahada ya maabara. Naogopa maiti. Niachane na ndoto hii?

Usiachane nayo. Anayepasua maiti ni daktari wa patholojia. Wewe utaletewa chupa yenye damu, kipande cha ini au yaliyokutwa tumboni, imefungwa kwa lakiri na ina namba. Kwa stashahada yako unaweza kuanzia ngazi ya fundi sanifu, kisha ujiendeleze.

Ila sitakudanganya kwamba kazi hii haina uzito. Kumbuka Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, 2023, walikokufa wafuasi wa mhubiri mmoja. Msituni ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa imeharibika kiasi kwamba hata ndugu asingeweza kuitambua kwa macho. Wataalamu walichukua sampuli kwenye miili, wakachukua na za ndugu waliojitokeza, wakaanza kulinganisha. Mtoto hupata nusu ya vinasaba kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo mzazi au mwana aliye hai ndiye kipimo bora. Familia ikiwa imeangamia yote, unabaki na majibu ya maiti yasiyo na wa kulinganishwa naye. Familia za kwanza zilikabidhiwa miili ya ndugu zao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Kila sampuli ile ilikuwa na watu wanaongoja kuzika. Ukiweza kulibeba hilo na bado mkono wako ukatulia kwenye pipeti, tunakuhitaji.

Mimi ni askari mpelelezi wilayani. Tulikamata shati lenye damu mbichi, tukalifunga kwenye mfuko wa plastiki. Maabara wakasema haifai. Kosa letu nini?

Afande, kosa ni unyevu. Plastiki huuzuia usitoke, bakteria na ukungu hukua, na vinasaba huliwa. Nguo ikaushwe kivulini, si juani, kisha iwekwe kwenye bahasha ya karatasi. Kila nguo na bahasha yake. Vaa glovu, na uzibadilishe unapogusa kitu kingine.

Halafu yapo makaratasi, ambayo wengi huyaona usumbufu. Nani alikichukua kielelezo, saa ngapi, alimkabidhi nani, kilikaa kabati gani, lakiri ilikuwa nzima kilipofika? Mahakama ya Rufani ya Tanzania imewaachia washtakiwa, hata wa dawa za kulevya, kwa sababu mlolongo huo ulikatika. Mkemia anaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu unga ule, lakini kama hakuna awezaye kuthibitisha kuwa unga uliopimwa ndio uliokamatwa, ripoti yake haina kazi. Nakuomba uwafundishe na wenzako kituoni.

Je, mtaalamu akiitwa mahakamani anakuwa upande wa Jamhuri?

Swali hili nalipenda kuliko yote. Hata kama umeitwa na upande wa mashtaka, wewe ni wa mahakama. Kesi ya mauaji iliyolitambulisha jina la vinasaba duniani ilitokea Leicestershire, Uingereza, walikouawa wasichana wawili, 1983 na 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mauaji mojawapo. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester alipopima, alikuta wasichana wote wawili walishambuliwa na mtu mmoja, na mtu huyo si yule kijana. Muuaji alipatikana baadaye, akahukumiwa kifungo cha maisha 1988. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kipimo hiki katika kesi ya mauaji ilikuwa kumwokoa mtu ambaye maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamzamisha. Wakili akikubana, jibu ulichopima tu. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui.

Mshahara?

Ni ngazi za utumishi wa umma kama maofisa wengine wa sayansi. Ukitaka utajiri wa haraka, tafuta njia nyingine.

Mimi napenda kompyuta, kemia hapana. Nina nafasi?

Unayo, na inazidi kukua. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali. Anza leo kujizoeza kanuni moja: simu ya mshtakiwa haichezewi. Unanakili kumbukumbu yake yote, unathibitisha kwa hesabu kwamba nakala inalingana na asili, kisha unafanyia kazi nakala.