Paneli ya sola ya oganiki kwenye boti: anza na kingo

Ndugu yangu, unauliza kwa nini paneli yako ya sola ya oganiki, ile nyembamba inayokunjika, inayonasa mwanga kwa kemikali za kaboni, imechoka kabla ya mwaka juu ya boti hapo Shela, Lamu. Tazama kingo kwanza. Ukiona utando umeachia na weupe unatambaa kuelekea ndani, unyevu umeshaingia. Maji na oksijeni ndivyo vinavyotafuna tabaka linalonasa mwanga pamoja na elektrodi zinazokusanya umeme, kisha miale ya urujuanimno (UV) ya jua inamalizia. Hiyo haiponi tena.

Ukinunua nyingine, usiikate wala usiitoboe hata tundu moja la msumari. Chagua iliyozibwa kingo vizuri, yenye kichujio cha miale hiyo, na uache hewa ipite nyuma maana joto nalo huichosha. Mimi, kwa chumvi ya huko, ningevumilia uzito wa kioo nikafunga paneli ya kawaida ya silikoni.