Fundi Anajibu: Karavani Kuukuu, Njia ya Mawe

SWALI: Nina karavani (nyumba ya kukokotwa na gari) ya ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, urefu mita 4, imeshapita miaka 30. Nataka ipite njia za vumbi na mawe, sina haja ya kupanda majabali. Nikiigeuza ekseli ikae chini ya springi, itainuka vya kutosha?

JIBU: Ingia uvunguni kwanza, uone una springi gani. Ukikuta springi za mabamba, yaani vipande bapa vya chuma vilivyopangwa juu kwa juu, na ekseli imekaa juu yake, kazi yako ni nyepesi. Kuihamishia chini kunainua karavani kwa unene wa ekseli ukijumlisha na unene wa mabamba: ekseli ya milimita 50 na mabamba ya milimita 30 hukupa milimita 80. Zinatosha. Anayetaka zaidi ya hapo kwa sanduku refu la mbao na bati anatafuta kupinduka.

Ila hamisha, usigeuze. Ekseli nyingi za namna hii zimepindwa kidogo, katikati ikipanda juu, ili matairi yasimame wima mzigo ukishakaa. Ukiilaza kichwa chini, matairi yanaegemea ndani kwa juu na kulika upande huo. Kiti kipya cha springi, yaani kipande cha chuma ambacho springi hukalia, huchomelewa upande wa pili wa ekseli ileile, sambamba na cha zamani, na tundu lake lipokee kichwa cha boliti inayoshika mabamba katikati. Kichwa hicho kikibaki nje ya tundu, breki moja ya ghafla inatosha kuisogeza ekseli. Boliti za U, zinazofunga ekseli kwenye springi, nunua mpya, maana za zamani zimeshavutika. Zikaze kwa spana yenye kipimo, kisha uzikaze tena baada ya kilomita 50 hivi, kwa sababu rangi iliyobanwa katikati husagika na kuacha nafasi.

Ukikuta bomba la chuma lenye mkono mmoja kila upande na hakuna springi, hiyo ni ekseli ya mpira. Mpira wenyewe umo ndani ya bomba. Hapo unaweka vipande vya chuma cha boksi kati ya mabano ya ekseli na chasisi, kwa boliti ndefu zenye uimara uleule wa zile za zamani. Bomba lenyewe usiliguse kwa moto wa kuchomelea. Mpira utaungua ndani na hutajua hadi gurudumu lilale. Na kama mikono imeinuka juu hali karavani ni tupu, mara nyingi mpira umeshachoka, na kuiinua karavani hakutaufufua.

Baada ya hapo pandisha bolu (tufe la chuma la kuungia karavani) ya gari linalovuta hadi sakafu ya karavani iwe sawa, au pua iiname kidogo. Pua ikitazama juu, uzito unahamia nyuma na mkia unaanza kuyumba.

SWALI: Kila nikitoka barabara ya vumbi nakuta makabati yameng'oka na vumbi hadi kwenye magodoro. Nimepaka silikoni kila mahali. Nimekosea wapi?

JIBU: Silikoni ndiyo kosa lenyewe. Hubanduka ukuta unapocheza, na ikishapakwa, hakuna kitu kingine kinachoshika vizuri juu yake. Ikwangue yote, fungua mikanda ya alumini ya pembeni, uweke utepe wa butili (mpira laini unaonata) chini yake kisha uifunge upya. Kabla ya kuifunga, chomeka ncha ya bisibisi kwenye mbao zilizofichuka. Ikizama kama kwenye mkate, mbao imeoza kwa maji ya mvua, na hapo ndipo kabati lako linapong'okea: skrubu imeshika unga mtupu. Kata hadi ufike mbao ngumu, unga kipande kipya kwa gundi ya poliurethani pamoja na skrubu. Gundi hiyo ndiyo inayobeba mtikisiko. Skrubu pekee hulegea.

Kutafuta matundu, subiri usiku. Mmoja akae ndani gizani, mwingine azunguke nje na tochi kali, akimulika hadi uvunguni. Kila nuru inapopenya, weka alama ya chaki. Mapengo yanayopitisha mabomba na nyaya sakafuni huwa ndiyo mabaya zaidi.

Lakini kuna tundu ambalo usilizibe kwa kudumu: la sakafuni karibu na jiko. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kutokea hapo. Likikuingizia vumbi, lifunike safarini tu, mtungi ukiwa umefungwa, na ulifunue kabla ya kugusa kiberiti. Kisha fungua kidogo dirisha la paa upande wa mbele, likiwa na kichujio. Hewa inayosukumwa ndani hukataza vumbi kunyonywa kupitia nyufa za nyuma.

SWALI: Tangi la maji la lita 100 nilifunge wapi?

JIBU: Juu ya ekseli au mbele yake kidogo, chini kabisa kwenye chasisi, na bamba la chuma la kulikinga na mawe. Lita 100 ni kilo 100. Zikikaa nyuma ya ekseli zitakuyumbisha. Chagua lenye vizuizi ndani, kwa kuwa tangi lililo nusu hupiga mawimbi kila kona. Na hizo kilo ziondoe katika uzito ulioruhusiwa kwenye kibao cha chasisi, kabla hujafikiria betri ya pili.