Matunzo ya watoto baba akiwa mkulima wa tumbaku

Dada wa Urambo umeuliza hivi: mmeachana, watoto watatu unao wewe, baba yao analima tumbaku na hutuma elfu ishirini siku akijisikia, na mtaani wamekwambia uanzie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa.

Kwa matunzo ya watoto huhitaji baraza. Baraza ni la anayekwenda kudai talaka mahakamani. Matunzo yana njia yake ndani ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Anzia Ustawi wa Jamii pale halmashauri. Watamwita baba, mkikubaliana mtaandikishana. Akikataa wito au akivunja makubaliano, Ustawi hawana uwezo wa kumkamatia mali, kwa hiyo omba nakala ya wito na makubaliano uende nazo mahakama ya watoto. Chukua na vyeti vya kuzaliwa. Kama havipo, kadi za kliniki. (Wakikutisha kwamba matunzo ya mtoto ni shilingi mia kwa mwezi, hiyo ni ya sheria ya zamani, ilishafutwa.)

Kesi nyingi za wakulima huharibikia kwenye kiasi kinachoombwa. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka hakimu aangalie kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea, na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Na wewe utaulizwa, kwa hiyo kama unauza vitumbua, sema.

Ukiomba laki moja kila mwezi, Novemba atasimama aseme hana kitu, na pengine ni kweli. Hela ya tumbaku huingia masoko yakifunguliwa, tena imeshakatwa pembejeo. Sheria inaruhusu malipo ya mkupuo. Omba mkupuo wakati wa malipo ya tumbaku, wa chakula na vifaa vya shule, halafu kiasi kidogo cha kila mwezi cha sabuni, mboga na dawa.

Hesabu ifanye kwa vitu kwanza, bei baadaye. Watoto watatu wakila nusu kilo ya unga kila mmoja kwa siku, gunia la kilo 100 linakwisha kwa siku 66; kwa mwaka ni magunia matano na nusu. Andika sare, viatu, madaftari, chakula cha shuleni. Usiandike ada kama wanasoma shule ya serikali, maana ada ilifutwa toka 2016 na wakili wake ataanzia hapo kukuvunja.

Kipato chake kiko kwenye vitabu vya chama cha msingi, yaani ushirika anaouzia tumbaku: kilo alizouza, madaraja, makato, salio. Wewe hutapewa ukienda kuomba tu. Iombe mahakama imwite katibu wa chama aje navyo, na uombe misimu miwili au mitatu, kwa sababu msimu mmoja mbaya ndio atakaokuja nao yeye. Wapo wanaouzia kwa jina la mdogo wao. Hapo tafuta jirani anayejua shamba ni la nani na mabani ya kukaushia tumbaku ni ya nani.

Matunzo yako wewe kama mke ni dai jingine, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu na talaka imeshapita, kwa kawaida yanaishia kwenye eda, labda mahakama ione sababu ya pekee. Ukiolewa tena haki hiyo inakwisha, ila ya watoto inabaki palepale mpaka miaka 18, na inaweza kuendelea kama bado wanasoma.

Amri ikitoka, apitishe hela kwenye simu, si mkononi, na weka daftari la tarehe. Msimu akiruka, rudi mahakama ileile na namba ya shauri uombe utekelezaji, na uwahi kabla salio lake halijatoka chamani.