Kabla hujaiita filamu mbovu

Safari hii barua nyingi zinalaumu filamu na tamthilia zenyewe. Baadhi ya lawama ni za haki. Nyingi, lakini, zinastahili kwenda kwa runinga, sabufa au kopi uliyopewa.

SWALI: Tumenunua runinga mpya ya inchi 55. Filamu tuliyoipenda miaka ya nyuma sasa inaonekana kama tamthilia ya bei rahisi, waigizaji wanateleza utadhani wako studio. Au tulikuwa hatuna macho wakati ule? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Macho yenu hayana shida, dada. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, na ule mwendo mzito kidogo ndio unaoipa sura yake. Runinga mpya kubwa nyingi huja zikiwa zimewashwa kifaa cha kulainisha mwendo: inachukua picha mbili zinazofuatana, inabuni ya katikati ambayo hakuna aliyeipiga, kisha inaichomeka hapo. Kwenye mpira inafaa, maana mpira hauachi mkia. Kwenye filamu inaleta sura ya matangazo ya studio, ambayo hurekodiwa kwa picha 50 au 60 kwa sekunde.

Kila kampuni imekipa jina lake. Kwa LG tafuta TruMotion, kwa Sony ni Motionflow, kwa Samsung ni Auto Motion Plus au Picture Clarity. Kipo kwenye mipangilio ya picha, mara nyingi ndani ya mipangilio ya kina. Kizime kabisa. Wengi wanakwama hapa: runinga nyingi hutunza mipangilio ya kila chanzo peke yake. Ukizima ukiwa kwenye king'amuzi, flashi inabaki vilevile. Rudia kwa kila tundu unalotumia.

Kama runinga yako ina Filmmaker Mode, yaani hali ya picha inayozima ulainishaji huo yenyewe, iliyotangazwa mwaka 2019, chagua hiyo na kazi imeisha. Siku ya kwanza picha itaonekana ya njano na imefifia. Vumilia filamu moja nzima. Ile hali ya rangi kali uliyoikuta dukani imejazwa buluu ili runinga ishinde taa za dukani, si ili uso wa mtu ufanane na uso wa mtu.

Wenye runinga ndogo za inchi 32 msihangaike kutafuta. Nyingi hazina kitu hicho.

SWALI: Maneno siyasikii, nikiongeza sauti ukija mlipuko namwamsha jirani. Siku hizi waigizaji hawajui kutamka? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Wapo wasiojua, na wapo waongozaji wanaozika maneno chini ya muziki kwa makusudi, hao tunawalaumu pamoja nawe. Lakini anza na nyumba yako. Sauti ya filamu nyingi huandaliwa kwa mfumo wa 5.1, yaani spika tano na boksi moja la besi, na mazungumzo karibu yote hupitia spika ya katikati. Wewe huna spika hiyo. Kwa hiyo maneno, muziki na mabomu vinasukumwa pamoja kwenye spika mbili, na za runinga mara nyingi zinatazama chini au ukutani.

Sabufa ndiyo inayomaliza kabisa. Shusha besi mpaka robo, pandisha trebo ipite nusu kidogo. Konsonanti kama s, t na f ziko huko juu, na bila hizo neno moja halitofautiani na jingine. Boksi la besi litoe kwenye kona ya chumba, kwa sababu kona huongeza besi hata kama hujagusa kitufe. Spika ndogo zipande zifikie usawa wa masikio ya mtu aliyeketi. Kwenye mipangilio ya sauti ya runinga, washa ya kukuza mazungumzo au ya usiku, ambayo hupunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Kwenye Netflix, ukikuta sauti ya lugha moja imeandikwa mara mbili, chagua ile isiyo na 5.1.

Ukienda kununua spika ndefu ya kuweka chini ya runinga, soma tarakimu. 3.1 ina spika ya katikati, 2.1 haina. Muuzaji atakwambia ni sawa tu. Si sawa.

SWALI: Nimejaziwa filamu kwenye flashi. Nyingine zinaonyesha picha bila sauti, lakini kwa jirani mwenye runinga kuukuu zinasema. Na moja imekataa kabisa kuingia ingawa nafasi ipo. (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ni matatizo mawili tofauti. La sauti karibu kila mara ni DTS, mfumo wa kuhifadhi sauti ndani ya faili la filamu. Samsung iliacha kuusoma kuanzia runinga za 2018, LG ikauacha 2020 kabla ya kuurudisha kwenye baadhi ya runinga za 2023. Ndiyo maana runinga kuukuu inakushinda. Mwambie aliyekujazia akupe kopi yenye sauti ya AAC au AC3. Kama una kompyuta, programu ya bure ya ffmpeg inabadilisha sauti bila kugusa picha, kwa mstari huu:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 448k mpya.mkv

La pili ni flashi yenyewe. Ikiwa imeformatiwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 60. Iformati upya kwa exFAT, ukijua kwamba kila kilichomo kitafutika na kwamba runinga za zamani haziisomi exFAT. Soma kwanza kitabu cha runinga yako.

SWALI: Maandishi ya chini yanaanza sawasawa, baada ya saa moja nasoma jibu kabla swali halijaulizwa. (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Yangekuwa yamepishana kwa kiasi kilekile tangu mwanzo, kwenye programu ya VLC ya kuchezea filamu kwenye kompyuta ungebonyeza G au H yakalingana. Yako yanazidi kuachana, maana yake yalitengenezwa kwa kopi ya picha 25 kwa sekunde na filamu yako ni ya 23.976. Kwa saa moja tofauti inafika kama dakika mbili na nusu. Tafuta faili la maandishi la kopi uliyonayo, au libadilishe kwa programu ya Subtitle Edit kutoka 25 kwenda 23.976.

SWALI: Mume wangu haangalii filamu isiyotafsiriwa na DJ. Mimi naona DJ anaiua. Tuamulieni. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Kwa filamu za ngumi na za Kihindi, tunampa mumeo. Tangu enzi za Lufufu hapa Tanzania hadi DJ Afro kwenu, mtafsiri ni mwigizaji wa ziada, na mara nyingine ndiye bora kuliko wote waliomo. Kwa filamu ya upelelezi au ya kutisha, tunakupa wewe: hofu inajengwa na ukimya, na DJ halipwi anyamaze. Sauti yake kwa kawaida imechanganywa moja kwa moja na ya filamu, huwezi kuizima. Basi ya DJ iwe ya mara ya pili.

SWALI: Kwa nini tamthilia ya Kituruki inakatwa mtu akiwa bado anavua kiatu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Kwao sehemu moja hurushwa mara moja kwa wiki na huchukua saa mbili au zaidi. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya kama dakika 45, na mkasi unaangukia pale dakika zinapoishia. Ukisoma kwamba Uturuki ilikuwa na sehemu 40, tarajia zaidi ya 100 hapa. Mwenye king'amuzi kinachorekodi ahifadhi tatu tatu, aziangalie kwa mkupuo. Mara nyingi atapata mwisho ambao mwandishi aliukusudia.