Chandarua si cha kuku

Tumegawiwa chandarua kipya. Mtoto kalala ndani usiku mmoja tu, kaamka uso unamwasha. Nikifue kwanza? (Mama wa watoto wawili, Muheza)

Usikifue. Kitoe kwenye mfuko, kianike kivulini siku nzima, ndipo ukitungike. Ni dawa mpya hiyo, mwasho utaisha wenyewe. Siku kikichafuka tumia sabuni ya kipande na maji ya kawaida. Jiki weka mbali, na usikianike juani, jua huiua dawa. Wala usikifue kila Jumamosi kama shuka: vingi vimetengenezwa kustahimili kufuliwa mara 20 hivi. Maji yake usimwage mtoni, yanaua samaki.

Kuna programu ya simu inafukuza mbu kwa mlio. Inafaa? (Kijana, Mbagala)

Inamaliza chaji.

Chandarua cha zamani kina matundu. Naweza kuzungushia mchicha na vifaranga? (Mkulima, Kilosa)

Swali hili halikosekani kila msimu wa bustani, na kila nikimuuliza mtu hicho "cha zamani" kina umri gani, naambiwa mwaka jana! Chandarua chenye dawa huhesabiwa miaka 3 hivi. Tundu dogo halijakiua, maana mbu akitua juu yake bado anakutana na dawa. Chukua sindano na uzi, kazi ya dakika kumi. Kilichochanika hadi hakishoneki, sawa, kipe kuku. Lakini nimeingia nyumba ambazo mchicha umefunikwa vizuri kabisa, na watoto watatu wamelala mkekani bila kitu. Na wewe unayekokotea dagaa, usijifiche nyuma ya mkulima: matundu yale hayabakishi hata kifaranga cha samaki.

Mume wangu anasema dawa ya chandarua inapunguza nguvu za kiume.

Haipunguzi. Mwambie atafute kisingizio kingine.

Jana jioni nimeumwa sana na mbu, leo nina homa. Ninunue dawa mseto? (Msomaji, Temeke)

Mara ya ngapi hii jamani? Vimelea vya malaria vinahitaji siku 7 au zaidi mwilini kabla ya homa. Mbu wa jana hahusiki na homa ya leo. Nenda ukapime, kipimo cha haraka ni tone la damu kidoleni, na robo saa hivi majibu unayo. Kikionyesha malaria, meza dozi yote ya siku tatu, pamoja na chakula, usiniachie vidonge sita kabatini "vya siku nyingine". Kisipoonyesha, kumbuka unaishi Dar, na dengue ilitusumbua 2014 na tena 2019. Kwa hiyo kabla hujajua ni nini, diklofenaki na aspirini usiguse, zinaweza kuleta kutokwa damu, paracetamol inatosha. Mbu wa dengue huuma mchana, chandarua cha usiku hakimpati. Yeye anazaliana hapo hapo uani kwako, kwenye matairi, vifuu na ndoo zisizofunikwa. Ukitoka kupima, anza kumwaga hayo maji.