Vitabu nimevimaliza, mbona bado sijaingia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma kila nilichokipata kuhusu hipnosisi (hali ya akili kuzama kwenye jambo moja na kuitikia maelekezo) na meditesheni (mazoezi ya kutuliza akili). Historia ya Mesmer, yule daktari wa karne ya 18 aliyeitangulia hipnosisi, naijua vizuri, na nadharia za ubongo naweza kumfundisha mtu. Ila nikikaa kujaribu mwenyewe, muda si mrefu naanza kujiuliza: "Je, nimeshaingia kwenye hali hiyo?" Kisha naacha. Naomba unitajie kitabu cha kiwango cha juu zaidi. – Mpenda Vitabu

JIBU: Marahaba. Kitabu sikutajii, hata ukinibembeleza.

Kwa kuwa Mesmer unamjua, nenda mbele kidogo hadi 1841, mjini Manchester. James Braid, daktari wa upasuaji, alihudhuria maonyesho ya Mfaransa mmoja, Lafontaine, aliyefuata njia ya Mesmer, akiamini ni ulaghai. Hakuishia kubishana. Alirudi nyumbani akamketisha kijana mmoja, akamwambia akazie macho shingo ya chupa ya mvinyo iliyowekwa juu kidogo ya usawa wa macho. Haikupita muda kope zikafumba. Akamgeukia mkewe, naye akatazamishwa pambo la bakuli la sukari. (Nyumba ya mtafiti ina taabu zake!) Maelezo ya kitaalamu aliyachapisha 1843, na baadaye aliyarekebisha mwenyewe. Nadharia ilibadilika, lakini kope ziliendelea kufumba vilevile.

Sasa zamu yako. Kaa kitini, nyayo zote sakafuni, mkono wa kulia ulale pajani. Fumba macho, useme moyoni polepole, "Mkono wangu wa kulia ni mzito," mara sita hivi, kisha nyamaza. Zoezi hili linatoka kwa Johannes Schultz, daktari wa Kijerumani, aliyelichapisha 1932. Usiubonyeze mkono, wala usiuchunguze kila sekunde kama umeshakuwa mzito. Huko kuchungulia ndiko kunakokukwamisha: anayesubiri usingizi huku macho yake yako kwenye saa atakesha. Ukimaliza, kunja ngumi, nyoosha mikono, vuta pumzi, ndipo ufumbue macho. Wiki nzima fanya mkono huo tu. Wa kushoto usiuguse, maana nakujua, utataka kuruka sura.

Kuhusu "kuingia": wengi walio kwenye hipnosisi husikia kila kitu na hujua walipo. Ukingoja giza totoro utangoja sana. Tena watu hatufanani. Mwingine huitikia upesi, mwingine kidogo tu, na hilo halihusiani na akili wala utashi.

Kwenye meditesheni, fuata pumzi. Mawazo yakikutorosha, rudi bila kujikaripia. Huko kugundua kwamba umetoroka na kurudi ndiko kujifunza kwenyewe.

Kama una kifafa, au huwa unasikia sauti wasizosikia wengine, muone daktari kwanza. Na zile rekodi za kulegeza mwili, tafadhali, usizisikilize ukiwa unaendesha gari.